Mwaka wa Misiba ya Wanamuziki, Ulivyopita Buha

Remmy Ongala alifariki dunia jijini Dar es Salaam Jumatatu, 13 Desemba 2010. Kwa wakazi wa jiji msiba ule ulikuwa wa jirani. Kituo cha daladala pale Sinza kilikwisha kupewa jina lake zamani, na makonda waliita "kwa Remmy" mbele ya abiria ambao wengine hawakuwahi kumwona ameshika gitaa. Lakini Remmy alikuwa na wafiwa wengine, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pale, kwenye nyanda za juu za Kasulu na Kibondo. Naye hakuondoka peke yake. Ndani ya miezi 12 iliyofuata, msanii wa Burundi aliyependwa pande zote za mpaka alifia ugenini, kundi la taarabu likaangamia barabarani usiku mmoja, na kijana aliyeifanya nchi nzima iimbe kwa lafudhi ya Kimasai akazikwa. Misiba hiyo nataka kuisimulia kwa kuitazama kutoka Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, kwa kuwa siijui sehemu nyingine ya Tanzania ambayo vifo hivyo viliigusa kupitia milango mingi kiasi kile.

Muziki wa Buha una umri mrefu kuliko redio. Zamani nchi hiyo ilikuwa chini ya akina mwami: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu kaskazini zaidi, ambako leo ni Kakonko. Ngoma ilikuwa mali ya utawala, kama ilivyokuwa ng'ambo ya mpaka kwa wafalme wa Burundi. Miaka ya mwisho ya ukoloni Heru ilitawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, ambaye jina lake lilijulikana Tanganyika nzima. Mwaka 1963 serikali ya nchi huru ilifuta utawala wa machifu. Ngoma zikabaki bila ikulu, zikahamia kwenye harusi, kwenye mavuno na kwenye mapokezi ya viongozi. Pembeni yake waliendelea wapigaji wa zeze, na wale wa upinde wenye kibuyu, watu ambao mmoja wao alitosha kuwakusanya wanywaji wa kilabu kizima na kuwasimulia kwa wimbo habari za kijiji, za ng'ombe, za mke aliyeondoka na za mwana aliyekwenda Tanga asirudi.

Habari za huyo aliyekwenda Tanga zilikuwa za kweli tupu. Serikali ya kikoloni iliifanya Kigoma kuwa chimbuko la vibarua. Reli ya kati ilikuwa imefika ziwani tangu 1914, lakini kwa Waha wengi ilikuwa njia ya kuondokea. Kuanzia 1944 shirika la wenye mashamba ya mkonge, SILABU, liliwaandikisha vijana wa Kasulu na Kibondo kwa maelfu na kuwapeleka kukata mkonge pwani na Morogoro. Waliitwa manamba. Nyumbani walirudi na shuka, baiskeli, na nyimbo. Tanga ilikuwa mji wa dansi, Morogoro ilikuwa na Salum Abdallah na Cuban Marimba yake. Na kibarua aliyekaa huko miaka mitatu alirudi Buha akiwa na sauti hizo kichwani. Ndiyo maana nashindwa kuwaelewa wanaoandika historia ya dansi kana kwamba ilikuwa starehe ya miji tu. Waliolipa viingilio siku ya mshahara ni vibarua, na vibarua walikuwa na kwao.

Redio ndiyo iliyokamilisha kazi hiyo ya kuzileta Buha sauti za mbali. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na kipindi ambacho mtu wa rika langu hawezi kukisahau: matangazo ya vifo. Sauti ya mtangazaji ilisoma jina la marehemu, mahali alipofia, kisha orodha ya ndugu wa kupewa taarifa popote walipo, Kibondo, Kasulu, Muheza, Kilosa. Kwa familia zilizotawanywa na mkonge, huo ndio ulikuwa mlango wa msiba. Watu walikaa kimya kuzunguka redio ya betri, kwa sababu jina lililofuata lingeweza kuwa la mtoto wa pale pale. Redio ile ile ilitangaza kifo cha Mbaraka Mwinshehe, aliyepata ajali ya gari Mombasa Januari 1979, na cha Marijani Rajab mwaka 1995. Mwanamuziki alifika nyumbani kwa kupitia mdomo ule ule uliomleta shangazi na kaka, na kwa msikilizaji wa Buha kilio kilikuwa cha namna moja. Kusema kwamba wananchi waliomboleza "nyota" hakutoshi. Walimlilia mtu aliyekuwa akiingia sebuleni mwao kila jioni, akaacha kuingia.

Halafu yakaja makambi. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 wengi walipelekwa mbali zaidi, Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Huko Ulyankulu walianzisha kwaya ya Barabara ya 13, ambayo nyimbo zake za injili zilienea Tanzania yote, na wasikilizaji wengi hawakujua kwamba wanaimbiwa na wakimbizi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, wimbi jipya liliingia moja kwa moja kwenye wilaya zetu hizi mbili. Kibondo ikapata Kanembwa, Nduta na Mtendeli. Kasulu ikapata Mtabila na Muyovozi. Mwishoni mwa 1996 vita vya Kongo vilileta watu wa Fizi, Uvira na kwingineko Kivu, wakafunguliwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Kabla ya hapo, mwaka 1995, Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi walikuwa wameanzisha Radio Kwizera kule Ngara, ikitangaza kwa Kiswahili na kwa lugha za wakimbizi, na BBC nayo ilikuwa na matangazo ya Maziwa Makuu. Katika kilima kimoja cha Buha mtu aliweza kusikia Dar es Salaam, Ngara, Bujumbura na London kwa betri zile zile mbili. Na kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha za majirani wa damu, Muha hakuhitaji mkalimani kwa wimbo wa Bujumbura.

Desemba 2010 hali ilikuwa hivyo. Makambi ya Kibondo yalikuwa yamekwisha kufungwa, Warundi wengi wamerejea kwao. Mtabila ilibaki na Warundi kama 38,000, na Nyarugusu na Wakongo zaidi ya 60,000. Barabara ya kwenda Nyakanazi ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya tope masika. Umeme wa gridi ya taifa haukuwa umefika Kigoma.

Hapo ndipo ilipofika habari ya Remmy.

Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947. Mama yake alikuwa amepoteza watoto kabla yake, na mganga akaagiza kwamba mtoto huyu asinyolewe nywele. Zile rasta ambazo baadaye Wazungu walizidhania ni za Kijamaika zilianza kwa woga wa mama aliyechoka kuzika. Nalitaja hili kwa sababu kifo hakikumtoka Remmy mdomoni maisha yake yote. Aliimba "Kifo" akizungumza nacho kama mdeni anayezungumza na mdai asiye na huruma, na watu wakaucheza wimbo huo huku wamefumba macho. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake. Makassy ilipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, yeye alibaki akaiongoza Super Matimila. Mwaka 1988 alikwenda Ulaya na tamasha la WOMAD, na mwaka uliofuata studio ya Real World ya Peter Gabriel ikatoa "Songs for the Poor Man". Nyumbani walimwita Dokta.

Wimbo wake wa "Mambo kwa Soksi", wa kuwataka watu wajikinge na UKIMWI, ulikataliwa na redio ya taifa. Ulienea kwa kanda. Nafikiri hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizozifanya, kwa maana wakati ambapo viongozi walikuwa wakizungumza kwa mafumbo, yeye alisema waziwazi kitu ambacho baba hakuweza kumwambia mwanawe.

Sasa mtazame mtu wa Nyarugusu akisikia kwamba huyo amekufa. Ametoka mashariki ile ile ya Kongo, anakizungumza Kiswahili chenye mdundo ule ule ambao Remmy hakuupoteza hata baada ya miaka 30 Dar es Salaam. Lakini Remmy aliingia Tanzania akiwa na kazi inayomsubiri, akahangaika na uhamiaji, mwishowe akapata uraia na kituo cha daladala. Mkimbizi wa Nyarugusu hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini bila kibali. Watoto waliozaliwa pale mwaka kambi ilipofunguliwa walikuwa wanatimiza miaka 14, na Kasulu mjini kwao ilikuwa mahali pa kusimuliwa. Kwao Remmy alikuwa ushahidi kwamba mtu wa Kindu anaweza kuja akiwa mgeni na akazikwa akiwa mwenyeji. Ushahidi wa namna hiyo ukiondoka, pengo lake halifanani na pengo aliloliacha kwa mpenzi wa dansi wa Mwananyamala.

Kulikuwa na mlango mwingine tena. Baada ya kupigwa na kiharusi mwanzoni mwa miaka ya 2000, Remmy aliacha dansi, akaokoka, akaimba injili. Mjini wapo waliomlaumu kwa hilo. Buha ni nchi ya makanisa: Kasulu ni makao ya Dayosisi ya Anglikana ya Western Tanganyika tangu 1966, Wakatoliki wana misheni yao kubwa ya Kabanga, na Wapentekoste wako kila kijiji. Kwa familia ambazo hazikuruhusu dansi nyumbani, Remmy wa mwisho ndiye aliyepokelewa kwanza. Baba alimjua wa kilabuni, mwana akamjua wa kanisani, na siku ya kifo chake wote wawili wakawa na wimbo wa kuimba.

Matanga ya Remmy hayajapoa, habari nyingine ikaja. Tarehe 3 Januari 2011, Jean-Christophe Matata alifariki Afrika Kusini. Watanzania wa pwani wengi hawakumjua. Kibondo walimjua. Matata alikuwa mwimbaji wa Burundi aliyeishi Ubelgiji kwa miaka mingi, na sauti yake laini, ya mapenzi na ya majonzi, ilikuwa imeshika harusi na baa za Bujumbura, Kigali na kambi zote za wakimbizi. Vita viliwagawa Warundi kwa kabila na chama. Nyimbo za Matata zilipigwa pande zote. Sijui kama mwanasiasa yeyote wa nchi ile, katika miaka ile, angeweza kusema hivyo kuhusu nafsi yake.

Mtabila ndiko ninakoufikiria zaidi msiba huo. Mwanzoni mwa 2011 Warundi wa pale walikuwa wakihimizwa kurudi kwao. Kulima walikwisha katazwa, na kila mwezi ulikuja na fununu mpya kuhusu siku ya kufungwa. Mtu aliye katika hali hiyo hana nchi ya kushikilia. Anashikilia vitu vidogo vinavyobebeka, na wimbo ni kimoja kati yavyo. Matata mwenyewe alikuwa mkimbizi kwa namna yake, mtu wa Bujumbura anayeimba kuhusu nyumbani kutoka baridi ya Ulaya, na akafia ugenini. Mwenyeji wa Kasulu aliyekuwa akimsikiliza hakuwa mgeni kwenye kilio hicho. Alielewa kila neno, na alikuwa amekaa na wafiwa miaka 17, akiwauzia mihogo, akigombana nao kuhusu kuni, akioa kwao.

Miezi miwili na nusu baadaye, usiku wa 21 Machi 2011, Five Stars Modern Taarab walikuwa wakirudi Dar es Salaam kutoka maonyesho Kyela. Walipofika eneo la Hifadhi ya Mikumi, gari lao likapata ajali. Watu 13 walikufa, akiwamo mwimbaji Issa Kijoti. Sikumbuki msiba mwingine wa muziki Tanzania uliochukua wengi hivyo kwa mara moja.

Five Stars hawakuwa na uhusiano wa damu na Buha, lakini taarabu ya kisasa ilikuwa imepanda hadi huko. Ilipitia Ujiji, mji wa Waswahili uliopo ziwani tangu enzi za misafara, ikafika kwenye kumbi za Kasulu, ambako kina mama walitunzana kwa nyimbo zile zile za Temeke. Zaidi ya hapo, msiba ule ulieleweka kwa sababu ya barabara yenyewe. Mtu wa Kibondo aliyesafiri kwenda Dar es Salaam wakati ule alijua maana ya kulala ndani ya basi na kumwachia dereva roho yake. Bendi na abiria wa kawaida waliishi maisha mamoja: walikwenda mbali kutafuta fedha kidogo, na walirudi usiku kwa sababu hawakuwa na ya kulipia nyumba ya wageni. Magazeti yalizungumza kuhusu mwendo kasi na malori. Mimi nasikitika kwamba hayakuzungumza vya kutosha kuhusu malipo ya wanamuziki, maana ndiyo yaliyowapandisha garini saa ile.

Mwaka ukaenda mpaka 1 Desemba 2011, akafa Abel Motika, ambaye Watanzania walimwita Mr. Ebbo. Alikuwa bado kijana. Zilibaki siku nane Tanganyika iadhimishe miaka 50 ya uhuru, na nchi ilikuwa imejaa hotuba kuhusu umoja. Mr. Ebbo alikuwa amekwisha kuutolea mchango ambao hotuba hazikuuweza. Wimbo wake wa "Mi Mmasai" wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulimsimamisha Mmasai katikati ya Bongo Fleva akiwa na lafudhi yake, mavazi yake na kiburi chake kizuri. Watu walicheka kwanza. Kisha wakaimba naye.

Muha anaujua mzaha wa lafudhi kwa kuonewa nao. Kuanzia enzi za manamba, kijana wa Kasulu aliyefika mjini alichekwa kwa Kiswahili chake, akafanyiwa vichekesho kuhusu uchawi na ushamba, na wengine wakajifunza kuficha walikotoka. Wapo wasanii wa Kigoma waliokulia Dar es Salaam ambao kwa miaka mashabiki hawakujua asili yao. Kwa hiyo naamini Mr. Ebbo alikuwa na somo kubwa zaidi Buha kuliko kwao Arusha, kwa kuwa Mmasai tayari alikuwa na heshima ya kupigwa picha na watalii. Muha hakuwa na hata hiyo. Miezi michache baada ya kifo chake, mwaka 2012, Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, alisaidia kuwakutanisha wasanii wenye asili ya mkoa huo, wakiwamo Mwasiti, Linex na Diamond Platnumz, kwa jina la Kigoma All Stars. Wimbo wao waliupa jina la Kiha, "Leka Dutigite", wakaenda kuuimba nyumbani, uwanja wa Lake Tanganyika. Miaka 20 kabla, sidhani kama kuna promota ambaye angelikubali jina lile.

Kuna wafu wa mwaka ule ambao hawamo katika orodha hii, na ukosefu huo unaniuma. Wapigaji wa zeze wa Heru Juu na wa Muhambwe nao walikuwa wakizeeka na kufa mwaka ule, kama kila mwaka. Hakuna mtangazaji aliyesoma majina yao kwa vile walikuwa wanamuziki. Waliandikwa kama wakulima, maana ndivyo walivyokuwa mchana. Mafundi wa Radio Tanzania walizunguka mikoani na vinasa sauti vyao, na kanda nyingi zimo katika maktaba ya shirika la utangazaji hadi leo, lakini kijiji ambacho gari la redio halikufika hakina kanda. Mzee alipokufa, mtindo wake wa kulegeza uzi na kuukaza uliondoka naye. Remmy ameacha diski. Matata ameacha diski. Ukitaka kumsikia mpigaji wa Muhambwe wa mwaka 1960, hujui pa kuanzia.

Mwisho wa 2012 Mtabila ilifungwa. Misafara ya malori na mabasi iliwachukua Warundi kutoka Kasulu, ikawapitisha Manyovu na kuwashusha kwenye nchi ambayo vijana wengi miongoni mwao walikuwa hawajawahi kuiona. Walikuwa wamezaliwa kambini, wamesikiliza redio za Tanzania, wamekizoea Kiswahili cha dansi na cha Bongo Fleva. Remmy alikuwa ameletwa na muziki kutoka magharibi kuja mashariki. Nyimbo zake sasa zilikuwa zikirudi magharibi vinywani mwa watoto wa Kirundi ambao hawakuwahi kufika Sinza. Matata waliyemlilia Kasulu walikwenda kumkuta Burundi akiendelea kupigwa kwenye harusi. Mwaka 2015 machafuko ya kisiasa yalipoanza tena Bujumbura, wengine kati yao walirudi Kigoma kwa njia zile zile. Nyarugusu ikafurika, na Nduta ya Kibondo ikafunguliwa upya.